Nani Ameilaza Kompyuta?

Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu. Nikichambua maharage uani kwangu hapa Kasulu, inaita. Nikiwa sokoni nimeshika fungu la nyanya, inaita. Mara nyingi ni kijana aliyekabidhiwa kompyuta za ofisi fulani, na baada ya shikamoo swali huwa lile lile: "Mama Fundi, kompyuta ikilala, ikiamka mtandao unachelewa kurudi. Nifanyeje?"

Mimi humjibu kwa kumuuliza: nani ameilaza?

Wengine hucheka. Mmoja aliniambia kwa adabu zote, "Mama, imelala yenyewe, kompyuta hazibembelezwi." Nikamwambia aende akahakikishe halafu anipigie. Siku hiyo hakupiga. Alikuja kupiga baadaye, sauti imekuwa ya upole kabisa. Sasa naona nimechoka kuwaeleza mmoja mmoja, na salio la maneno la mtu wa umri wangu si la kuchezea. Nawaandikia wote mnaozunguka na mabegi ya nyaya na bisibisi kati ya Kasulu na Kibondo, mjue swali hilo limetoka wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu kuamka. Wewe mwenyewe ukiamka hufiki kazini papo hapo. Kuna kufumbua macho, kuna kutafuta viatu, kuna kunawa uso. Kompyuta nayo ina mlolongo wake. Kadi ya Wi-Fi lazima iamke. Ikishaamka iitafute rauta, watambuane kwa nywila. Halafu iombe anwani, ile namba ambayo rauta humpa kila aliyemo ndani. Mwisho kabisa, mfumo ambao mtu anaufanyia kazi ukubali kumrudisha pale alipokuwa. Mtumiaji hayajui hayo na wala hana sababu ya kuyajua. Yeye atakwambia "mtandao unasumbua," basi. Kazi yako ni kujua umekwama hatua gani.

Njia yangu ni ya kizamani lakini haijanitupa. Weka simu yako kwenye mtandao ule ule, pembeni ya kompyuta. Ilaze kompyuta, iamshe. Kama simu ina mtandao na kompyuta haina, acha kulaumu mnara. Kisha chomeka kebo kutoka kwenye rauta, uilaze na kuiamsha tena. Ikirudi upesi kwa kebo na ikazubaa kwa Wi-Fi, shida unaijua iko kwenye kadi au programu inayoiendesha. Ikizubaa kote kote, geukia rauta au mfumo. Watu hupenda kuanza na kufuta kila kitu na kuweka upya, na hiyo ni dawa ya kuitia moto nyumba nzima kwa sababu ya kunguni mmoja.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilikuwa naitwa mara kwa mara na Papa Emmanuel, Mkongomani aliyekuwa anafanya kazi kwenye ofisi moja ya misaada. Mtu wa Mungu, mcheshi, na hana haraka. "Mama," aliniambia siku moja, "hii ordinateri ikilala, rezo inakawia kurudi. Miye naomba, naomba, haiji." Kwao ordinateri ni kompyuta, rezo ni mtandao. Nilipoifungua nikakuta inakumbuka kila mtandao ambao imewahi kukutana nao tangu izaliwe: ofisi, hoteli, kanisa, simu za marafiki. Kila ikiamka inaanza kuwaita wote kwa majina. Nikaifanya isahau wote isipokuwa mmoja, ikapona. Papa Emmanuel akasema kumbe hata mashine inaumizwa na kukumbuka sana. Hakuwa anacheka aliposema hivyo. Nilikunja nyaya zangu.

Na kuna ofisi moja hapa Kasulu ambako asubuhi umeme ukirudi kompyuta zote zilikuwa zinaamka kwa pamoja na kuirukia rauta moja ndogo ya kupewa. Rauta ilikuwa na anwani chache, kompyuta na simu zikawa nyingi. Wa mwisho kuamka alikuwa ndiye anayekosa, na wa mwisho kuamka siku zote alikuwa mkuu wa ofisi. Mnaweza kukisia jinsi nilivyoitwa kwa haraka. Pale dawa ilikuwa kuongeza anwani kwenye rauta na kuwaomba wafanyakazi watoe simu zao kwenye mtandao huo.

Lakini swali langu halikutoka kambini wala Kasulu. Lilitoka kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Kibondo, ambacho sitakitaja kwa sababu wenyewe wapo na hawajaniomba niwatangaze.

Msimamizi wa kituo aliitwa Bwana Msafiri, mtu wa Morogoro, mtaratibu, kazi yake anaijali. Alinipigia mchana mmoja akaniambia hivi: "Mama Zuhura, nina binti hapa mapokezi, Winfrida. Mtandao wake unakatika kila mara. Sasa wazee wamekuja kwangu, wanasema anawabagua. Vijana wanafika wanaandikishwa wanapita kwa daktari, wao wanakaa. Muda wake wa majaribio unakaribia kuisha na wakubwa wananiuliza. Kama ni mtandao, niambie ni mtandao. Kama ni yeye, niambie ni yeye."

Nikapanda gari asubuhi iliyofuata.

Winfrida nilimkuta kwenye meza ya mbao karibu na mlango, laptop mbele yake, mabenchi marefu ya wagonjwa yakimtazama. Msichana wa Murungu, mwembamba, ana sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kuingiza jina la mgonjwa kwenye mfumo. Bila jina lako kuingia kwenye mfumo, daktari hakuoni, hata kama unamwona yeye kupitia mlango ulio wazi. Kwa hiyo mtandao ukizubaa pale mezani, watu wanaumwa mahali walipo.

"Mama," aliniambia nilipokuwa nafungua begi, "wanasema nawadharau wakubwa. Maneno yamefika hadi Murungu. Baba amenipigia simu."

"Amekugombeza?"

"Hapana. Aliuliza tu kama ni kweli."

Nyie mliokulia huku mnajua uzito wake. Mtoto wa Kiha akisemwa ni mvivu, wazazi watatafuta maneno ya kumtetea. Akisemwa anadharau wakubwa, wazazi wanaanza kujitazama wao. Nilimwona jinsi alivyokuwa anaongea huku ananyoosha ncha ya kitambaa cha meza ambayo tayari ilikuwa imenyooka, nikajisikia vibaya kwa ajili yake. Nikamwambia asogee kando aandike majina kwa mkono kwanza, nishughulike na mashine.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafanya yale niliyowaeleza: simu pembeni, kebo, laza, amsha. Mapema tu nikaona mambo mawili. Kadi ya Wi-Fi ya ile laptop ilikuwa nzito kuamka, ukiiamsha unaweza kumenya muhogo na kuukata kabla haijaiona rauta. Na ikishaiona, mfumo nao unagoma, unasema mtumiaji huyu yumo ndani tayari. Maana Winfrida alikuwa hajatoka, amekatika tu, na mfumo haujui tofauti ya mtu aliyeondoka na mtu aliyesinzia. Inabidi uusubiri uchoke kumngoja yule wa zamani ndipo umruhusu aingie upya. Ukijumlisha kuzubaa kwa kadi na kugoma kwa mfumo, mgonjwa ameshakaa mpaka benchi limepata joto.

Kisha nikatazama inalala lini. Ilikuwa imepangwa ilale yenyewe ikiachwa bila kuguswa kwa muda mfupi. Nikasema basi, nimekupata. Nikaondoa mpango huo. Nikasema kompyuta ya mapokezi haina ruhusa ya kulala mchana, kama mwajiriwa mwingine yeyote. Nikakaa pale hadi mchana, nikaandikisha wagonjwa mwenyewe kwa ajili ya kujaribu, mtandao haukuyumba hata mara moja. Nikanywa chai ya Bwana Msafiri, nikarudi Kasulu nikijipongeza.

Haikupita wiki simu ikaita.

"Mama Zuhura," Bwana Msafiri akasema, "bado. Na sasa nimetazama mwenyewe. Vijana hawacheleweshwi. Ni wazee tu."

"Kompyuta haijui umri wa mtu, Bwana Msafiri."

"Ndiyo ninachosema na mimi. Kompyuta haijui."

Nikaelewa alikofikia. Kama mashine haijui umri wa mtu, basi anayejua ni yule aliye mbele ya mashine.

Hapa niwaambie kidogo kuhusu aliyenifundisha kazi. Mimi nilianza na mashine za kuchapa, nyie hizo mmeziona kwenye picha. Fundi wangu alikuwa Mzee Gervas, mnusa tumbaku, mtu wa kununa. Alikuwa na hasira na kila fundi anayekimbilia bisibisi. "Zuhura," alikuwa ananiambia, "umeshafungua skrubu na macho bado hujayafungua." Siku moja tuliitwa kwa mashine ambayo mkono wake ulikuwa unakwama kila asubuhi, mchana unateleza vizuri. Mafundi wengine walikuwa wameshaifungua na kuipaka mafuta hadi inanuka. Mzee Gervas hakuigusa. Alivuta kiti akakaa pale wanapokaa watu wanaosubiri kuonana na mkubwa, akanusa tumbaku yake, akatazama. Katibu muhtasi alipofika asubuhi akaifunua mashine yake, iliyokuwa imefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma chenye nyuzi zinazoning'inia pembeni. Nyuzi mbili tatu zikabaki ndani. Ndizo zilizokuwa zinakwamisha mkono. Kitambaa alikifuma mwenyewe ili mashine isiingie vumbi.

Basi safari ya pili ya Kibondo sikukaa kwenye kiti cha Winfrida. Nilijitanda kanga yangu vizuri, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa.

Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja aitwaye Tereza, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa anakuja kila asubuhi kusafishwa kidonda. Akaniuliza naumwa nini, nikamwambia kichwa, na kwa kweli kufikia hapo kilikuwa kinaniuma. Nikamuuliza habari za huduma.

"Yule mtoto," akasema akimwonyesha Winfrida kwa kidevu, "ananisalimu vizuri sana. Halafu ananisahau."

"Anakusahau vipi?"

"Tukimaliza kusalimiana anaanza kutazama mashine yake. Anaitazama, anaitazama. Ananiambia, bibi kapumzike kidogo. Nikienda kupumzika, naona anakuja kijana nyuma yangu anaandikwa."

Nikatulia. Akaja kijana mmoja na kofia yake, akasimama mezani, "Mambo dada." Winfrida akasema poa, jina nani, unatoka wapi, akachapa, kijana akapita. Akaja mwingine, vivyo hivyo. Kisha akaja mzee mmoja na fimbo.

Winfrida alimwona tangu mlangoni. Akashusha kifuniko cha laptop kwa mikono miwili, taratibu, kama unavyofunika sufuria ya ugali. Akainuka. Akapiga makofi ya kimya kimya kwa viganja, magoti yamekunjwa kidogo, akamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye." Mzee naye akapiga ya kwake. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mihogo. Hawakukimbilia. Mnazijua salamu zetu. Walipomaliza akakaa, akafungua kifuniko, na pale pale nikaona uso wake unabadilika.

Mashine ilikuwa imelala.

Akaanza kuitazama. Mzee anangoja. Winfrida akaona aibu kumsimamisha, akamwomba akapumzike benchini. Baada ya muda mtandao ukarudi, mfumo ukamkubali, na wakati huo aliyesimama mbele yake alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni. Akamwandika huyo kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwepo mezani. Mzee akayaona yote hayo kutoka kwenye benchi.

Mimi nimekulia Kasulu. Baba yangu alikuwa muuza duka, ukoo wake wa Ujiji, lakini mimi nimesalimia kwa makofi tangu sijaanza shule. Ndiyo maana sikuliona jambo hilo. Nilipokuwa kwenye kiti chake safari ya kwanza nilikuwa nimeishikilia kompyuta mimi, yeye anaandika kwa mkono, kwa hiyo hakuwa na kifuniko cha kufunga. Na hata kama angekifunga mbele yangu, nadhani nisingeshtuka. Ningeona binti aliyelelewa, basi.

Vijana, hapa shikeni. Kwenye kompyuta ya mapajani kuna milango miwili ya kuingilia usingizini, na kila mmoja una mpangilio wake. Mmoja ni wa muda: ukiniacha bila kunigusa, nilale. Huo nilikuwa nimeufunga. Wa pili ni wa kifuniko: ukinifunika, nilale. Huo sikuugusa, kwa sababu kichwani mwangu mtu anayefunga kifuniko ni mtu anayeondoka.

Nilimfuata Winfrida watu walipopungua. Nikamuuliza kwa nini anaifunga.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Mama, sasa nimsalimie mtu mzima huku hicho kioo kiko katikati yetu kinawaka? Nitaonekana nimechungulia dirishani."

"Ulijua ukiifunga inalala?"

"Nilidhani naifunika tu." Kisha akaelewa. Akaweka mkono mdomoni. "Kwa hiyo ni mimi."

Tulimweleza Bwana Msafiri. Alifurahi kweli kweli, maana alikuwa hataki kumwondoa yule binti, na sasa ameona njia rahisi. "Basi asiifunge," akasema. "Winfrida, kuanzia kesho iache wazi. Salimia, lakini iache wazi. Tumemaliza." Nami nilifikiri hivyo hivyo, siwezi kuwadanganya. Nikalala kwa ndugu yangu pale Kibondo ili nione mambo yanavyokwenda asubuhi.

Asubuhi Winfrida akatii. Laptop wazi, mtandao uko imara, kila kitu kinang'aa. Bwana Msafiri amesimama kwenye mlango wa ofisi yake, mimi nimesimama naye. Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Tereza na mguu wake.

Winfrida akainuka nusu, akapiga makofi yake, akasema "Mwakeye, bibi." Lakini mwanga wa kioo ulikuwa usoni mwake, na mkono mmoja ukarudi mezani upesi, kwa sababu alikuwa ameagizwa upesi. Bibi Tereza akasimama pale katikati ya chumba. Akaitazama mashine, akamtazama msichana.

"Nimekukuta na kazi, mwanangu," akasema. "Maliza. Nitangoja."

Akageuka, akarudi benchini na kidonda chake.

Winfrida akamwita, "Bibi, njoo tu, niko tayari." Bibi akampungia mkono kumwambia asijisumbue. Akaja mzee mwingine, naye alipoona wa kwanza amekaa, akakaa. Vijana wakapita. Wazee wakawa wanaongezeka benchini, kimya, kila mmoja anangoja kupokelewa, mbele ya kompyuta isiyokuwa na kosa lolote. Mtandao ulikuwa na kasi ambayo kituo kile hakijawahi kuiona, na foleni ya wazee ilikuwa mbaya kuliko jana.

Bwana Msafiri akalitazama benchi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Zuhura, kuna namna ya kuifanya ile mashine ifungwe na isilale?"

Ipo. Hata haichukui muda. Kwenye mipangilio ya umeme kuna mahali kompyuta inakuuliza: kifuniko kikifungwa, nifanye nini? Palikuwa pameandikwa ilale. Nikaweka isifanye kitu. Weka hivyo pande zote mbili, ikiwa kwenye umeme na ikiwa kwenye betri, maana huku kwetu mashine hubadilisha upande bila kuaga. Halafu nikaenda kwenye orodha ya vifaa, nikaitafuta kadi ya Wi-Fi, nikaiondolea ruhusa ya kuzimwa ili kuokoa umeme, nikaweka programu mpya ya kuiendesha kutoka kwa waliotengeneza kompyuta yenyewe. Hiyo ni kwa ajili ya siku itakapolala kwa sababu nyingine. Tibu kuchelewa kuamka hata kama umeshazuia kulala, maana usingizi utapata njia tu.

Na ukishafanya hivyo, usiondoke bila kumwonya mwenye mashine. Nilimwambia Winfrida: jioni izime kabisa, usiifunge ukaiweka kwenye begi ukidhani imelala, maana itakuwa macho humo ndani inajipika. Na isifungwe juu ya kitambaa, iache ipumue. Nilishawahi kuletewa laptop iliyobebwa hivyo kwa pikipiki kutoka Munanila, ilipofika ungeweza kuichomea mahindi.

Winfrida akarudi kwenye kiti. Akamtazama Bibi Tereza kule benchini. Akashusha kifuniko kwa mikono miwili, akainuka akaenda hadi pale alipokaa, akamsalimia upya, tangu mwanzo, habari za nyumbani na za mguu na za mvua. Bwana Msafiri alikuwa anatazama saa yake, halafu akaacha kuitazama. Wakaja pamoja hadi mezani wamekamatana mikono. Winfrida akafungua kifuniko.

Ukurasa ulikuwa pale pale alipouacha. Akachapa jina, Bibi Tereza akapita kwenda kusafishwa kidonda. Wazee wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja bila kuitwa.

Nikaona kazi yangu imekwisha, nikaenda ofisini kuaga. Bwana Msafiri alikuwa amekaa, anachapa kitu kwenye laptop yake kwa vidole viwili, macho kwenye kioo. Wakubwa wake walikuwa wanasubiri neno lake siku hiyo hiyo.

"Nilikuuliza swali, Mama Zuhura," akasema bila kuinua macho. "Ni mtandao au ni yeye?"

Nilikuwa nimelifikiria tangu jana, kwa ndugu yangu. Ningeweza kusema ni mtandao, na kila mtu angeridhika. "Ni yeye," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyekuwa anailaza. Na ukimweka mwingine ambaye haifungi, wazee wako watakaa benchini mpaka giza."

Aliacha kuchapa. Akainua sauti akamwita Winfrida.

Akaja, akasimama mlangoni, viganja vimeshikana. Alikuwa amekauka uso. Nadhani alikuwa ameshapanga kichwani atakavyofika Murungu na atakavyosimama mbele ya baba yake. Mimi nilitaka kutoka nje nisiyaone, lakini yeye ndiye alikuwa mlangoni.

Bwana Msafiri akamtazama. Akatazama kioo chake. Halafu akaweka mikono miwili juu ya kifuniko, akakishusha pole pole, kwa namna ya mtu ambaye hajazoea, akainuka kutoka kwenye kiti.

Winfrida alikiona kifuniko kinashuka. Machozi yalimtoka kabla bwana yule hajafungua mdomo.

"Utabaki," Bwana Msafiri akamwambia. "Baba yako nitampigia mimi mwenyewe."

Na mimi machozi yalinitoka, sioni haya kuwaambia. Tukasimama pale watu wazima watatu, mpaka Winfrida akapiga makofi yake madogo ya shukrani, akarudi kwenye wagonjwa wake.

Bwana Msafiri akakaa, akafungua laptop ili amalizie ujumbe wa wakubwa. Ya kwake sikuwa nimeigusa. Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwona amekunja mikono anausubiri mtandao urudi, wala hakuniita.